Panto za Kijijini Uingereza: Kujitolea Si Ruhusa ya Kubahatisha

Haya jamani, habari za huko nyumbani? Leo nawapeleka panto.

Kwa wageni wa chaneli: panto ni mchezo wa jukwaani wa Waingereza, wa msimu wa Krismasi. Hadithi ni zilezile kila mwaka: Cinderella, Aladdin, Jack na shina lake la maharage. Mama wa vituko huchezwa na mwanamume aliyejaza mito kifuani. Kijana shujaa, kwa desturi ya zamani, ni msichana. Yule mbaya huingia kutokea kushoto kwa jukwaa, na akichungulia tu ukumbi mzima unamzomea. Kumbi kubwa za mijini huajiri nyota wa televisheni. Vijijini wachezaji ni mwalimu, fundi bomba, muuguzi. Hawalipwi kitu, na vikundi vingi hucheza Januari au Februari, panto za kulipwa zikiwa zimeshapita.

Sasa, onyesho likilegea, utasikia watu: “Aa, si wanajitolea tu.” Mimi hapo nakataa. Tiketi nimenunua! Na panto inadanganya kuliko michezo yote, maana kwa macho ni fujo tupu. Mmoja anaangusha ndoo, mwenzake anasahau maneno, wanaangua kicheko wenyewe. Kumbe kwa wanaoijua kazi, hata huko kusahau kumefanyiwa mazoezi.

Chukueni kipande cha mzimu. Watu wamekaa kwenye benchi wanaimba, mzimu unawanyemelea. Watoto wanapasua koo: “Yuko nyuma yako!” Mchezaji hodari anaziacha kelele zipande, zipande, na zinapotaka kushuka ndipo anageuka, tena upande ambao mzimu haupo. Akigeuka mapema, watoto hawajashiba. Akichelewa, wameshachoka. Na akisema mstari wake kelele zikiwa juu, umepotea, na kichekesho cha mbele kilikuwa kimeegemea hapohapo. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi: mtu amekariri kila neno, lakini hausikilizi ukumbi.

Halafu kuna povu. Hurushiana povu la kunyolea ndevu mpaka nyusi hazionekani. Mimi hapo siangalii wachekeshaji, naangalia sakafu. Wametandika turubai? Nani analikunja, pazia likifungwa? Kwa sababu wanaofuata ni watoto wa dansi, na sakafu yenye povu haina huruma na nyonga ya mtu. Kikundi kilichofikiria turubai kabla ya povu, hicho nitakinunulia tiketi tena mwakani.

Nani anawapima? Kuna NODA, chama cha vikundi vya ridhaa tangu 1899. Ukikialika, mwakilishi wake anakuja, anatazama, anaandika ripoti. Kusema ukweli, nilizosoma nyingi zina adabu kupita kiasi: kila mtu alipendeza, maleba yalimeremeta, basi.

Ukali uko kwenye mashindano ya michezo mifupi. Mwamuzi ana alama 100: uigizaji 40, uongozaji 35, mwonekano wa jukwaa 15, na 10 za mafanikio ya mchezo kwa jumla. Kisha usiku uleule anapanda jukwaani na kuwachambua mbele ya watazamaji. Nyinyi mliopitia drama za shule hapo Kenya mnaujua moto huo, tumbo linavyonguruma mwamuzi akianza kwa sifa, nanyi mnasubiri ile “lakini”.

Panto ni ndefu mno kwa mashindano hayo, kwa hiyo moto huo haiuonji. Inabaki na watoto wa safu ya mbele, na hao hawajui ripoti ya adabu. Juzi mmoja, wimbo wa tatu wa mapenzi ukiwa katikati, alimuuliza mamake kwa sauti ya kengele: “Wanamaliza saa ngapi?” Mwongozaji alikuwa viti viwili kutoka kwangu. Natumaini alikuwa na kalamu.