Muulize Mshauri Wako Analipwa na Nani

Wakubwa zangu mliomo humu ndani, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumpata mtu wa kukusaidia kuomba nafasi ya uzamili au uzamivu nje ya nchi. Nitaanza na mdogo wangu, naye ameniruhusu. Alimaliza digrii ya kwanza na GPA ya 3.9, akampelekea wakala mmoja vyeti vyake pamoja na laki sita. Wakala akamfungulia imeili mpya, akaweka nywila anayoijua yeye peke yake, akamjazia fomu zote. Kila mdogo wangu akipiga simu, jibu ni "tunafuatilia." Nywila ile aliipata kwa ugomvi. Tukakaa sebuleni kwangu, tukafungua. Barua ya kumwita kwenye usaili wa ufadhili ilikuwa imelala humo wiki tano. Maandishi yake bado yalikuwa meusi ti, kama ya barua ambayo haijafunguliwa na mtu.

Kwa hiyo imeili iwe yako na nywila iwe yako. Ukiambiwa huo ndio utaratibu wa ofisi, chukua vyeti vyako uondoke.

Sasa fedha. Vyuo vingi vya Uingereza na Australia huwalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa. Si kosa, na ndiyo sababu mawakala wengine hawakutozi hata senti. Lakini hebu kaa upande wake. Ana orodha ya vyuo alivyofunga navyo mkataba, na watoto wake wanakula kutokana na orodha hiyo. Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani, katika majimbo mengi, havitozi ada ya masomo. Unalipa mchango wa muhula, na kama chuo kinapokea maombi kupitia uni-assist, shirika linalokagua maombi ya wanafunzi wa kigeni kwa niaba ya vyuo, unalipa yuro 75 kwa chaguo la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Wakala atapata nini hapo? Ukienda kusoma uzamivu wa sayansi Marekani, idara nyingi hukulipia ada na kukupa posho, nawe unafundisha au unafanya utafiti. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza 1983, kuomba ni bure. Nimekutana na vijana waliokwisha kulipa ada ya awali ya chuo bila kuzisikia njia hizi hata siku moja. Hawakudanganywa. Waliuziwa kilichokuwamo dukani.

Basi muulize waziwazi: "Chuo hiki kikinipokea, wewe unalipwa na nani?" Kisha mwombe akutajie chuo kizuri kwa fani yako ambacho hana mkataba nacho. Akikosa hata kimoja, umeshapata jibu.

Yupo pia mshauri unayemlipa mwenyewe. Huyu mpime kwa insha yako ya maombi na karatasi nyingine anazokuandalia. Kama mwalimu, nimewahi kuletewa barua ya mapendekezo iliyokwisha kuandikwa, nitie saini tu. Ilisema kijana yule ana "shauku isiyo na kifani." Wiki iliyofuata ikaja ya kijana mwingine, wakala yule yule, shauku ile ile. Sikutia saini hata moja, na iliniuma, maana wote wawili walikuwa wanafunzi wazuri. Wanaosoma maombi wanasoma mamia. Barua za mashine moja wanazitambua.

Mshauri anayestahili fedha yako hakuandikii, anakuhoji. Kijana mmoja wa kilimo alikuwa ameanza insha yake kwa "tangu utotoni napenda sayansi." Mshauri akamuuliza: mara ya mwisho kuingia shambani uliona nini? Akaeleza mahindi ya mama yake yaliyovamiwa na viwavijeshi, na jinsi mama alivyopita mstari kwa mstari akitia mchanga kwenye moyo wa kila mhindi kwa vidole vitatu. Alitaka kujua kwa nini mchanga ulisaidia mimea mingine na mingine haukuisaidia. Insha ikaanzia hapo, na kila neno lilikuwa lake.

Anayekuhakikishia nafasi mkimbie. Huko Marekani, chama cha washauri binafsi wa elimu, IECA, kinawakataza wanachama wake kutoa ahadi ya namna hiyo. Kwa wakala wa hapa kwetu, angalia kwanza kama TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inamtambua. Na kabla hujatoa fedha yoyote kwa ajili ya Marekani, nenda kwa washauri wa EducationUSA, ubalozini Dar es Salaam. Ushauri wao ni bure.

Nitakuwepo hapa mpaka saa kumi na moja. Mwenye mkataba wa wakala abaki nao, tusome pamoja kipengele cha kurudishiwa fedha, neno kwa neno, kabla hajasaini.