Watoto wa Orki Tuwafanyeje?

Asanteni sana. Kiti kiondoeni tu, nikikaa naongea polepole, na muda wenyewe mmenipimia kwa kijiko.

Wengi wenu mnanifahamu, na wale vijana wa nyuma wameshaanza kucheka, kwa hiyo nisizunguke: ndiyo, nimekuja tena kuzungumzia watoto wa orki, yale mazimwi mfano wa watu tunayopigana nayo kwenye michezo yetu ya mezani ya kuigiza wahusika. Nitaacha siku mtakapoacha kuwachinja halafu mkaniletea kitabu cha kanuni kunionyesha ukurasa.

Sitaeleza dadu ya pande 20 ni nini, wala paladini ni nani, zaidi ya kwamba ni shujaa aliyeapa kutenda wema. Asiyejua amuulize jirani yake wakati wa chai.

Nianze na ubishi wa kanuni, maana kuna uvumi kwamba mimi nauchukia. Jamani, mimi naupenda. Mnakumbuka kisa cha asiyeonekana katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la 2014? Kitabu kilisema hivi: mtu akiwa katika hali ya kutoonekana, anayemshambulia anarusha dadu kwa hasara, yaani nafasi ya kumpata inapungua, na yeye akishambulia anarusha kwa faida, nafasi inaongezeka. Basi mchawi wetu anatumia uchawi wa kuona visivyoonekana. Sasa anamwona adui waziwazi, anaona mpaka vifungo vya shati. Anafyatua mshale. Kwa hasara! Kwa nini? Kwa sababu sentensi ile haikusema “ikiwa anayeshambulia hamwoni”. Ilisema tu kwamba aliye katika hali hiyo anapata haya, basi. Mkuu wa wabunifu wa kanuni akaulizwa hadharani, akajibu kwamba ndivyo, maandishi yanasomeka hivyo. Watu wakakunjana mashati miaka kumi kwa ajili ya sentensi moja, mpaka toleo la 2024 likairekebisha. Mimi nilifurahia kila dakika.

Au wale wanakijiji wa kupokezana mkuki. Raundi moja ya mapigano ni sekunde 6. Kanuni zinamruhusu mtu kujiweka tayari: fulani akinipa kitu, nami nakipitisha. Sasa panga wanakijiji 1,000 kwenye mstari, kila mmoja na mraba wake wa futi 5, halafu mkabidhi wa kwanza mkuki. Ukizisoma kanuni kama wakili, mkuki unafika mwisho wa mstari, kilomita moja na nusu, kabla sekunde 6 hazijaisha. Hiyo ni mita 250 kwa sekunde, zipo risasi za bastola zinazokwenda hivyo. Na mchezaji, bila haya, anadai madhara ya risasi. Yaani anataka kanuni zimfikishie mkuki, kisha fizikia imuulie joka. Kitabu cha 2024 cha wasimamizi, yaani wanaouendesha mchezo mezani, kimelazimika kuandika kwamba kanuni za mchezo si fizikia. Imebidi ichapwe, kwa wino.

Huo ni ubishi mtamu. Hakuna anayeumia isipokuwa joka, na joka lina hela.

Ugomvi wangu unaanza pale mtu anapouchukua ulimi uleule wa wakili akaingia nao pangoni.

Mapango mnayajua. Ni yale ya kisa cha ngome ya mpakani cha Gary Gygax, mmoja wa watunzi wa mchezo huu, kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na kutiwa ndani ya sanduku la wanaoanza, kwa hiyo wachezaji wengi wa kizazi kile walianzia humo. Fungua sehemu ya makobolidi, yale mazimwi madogo. Kuna chumba cha pamoja. Mwandishi anahesabu madume, anahesabu majike, kila mmoja na pointi zake za uhai, zikiisha amekufa. Halafu anahesabu watoto, na kwenye mabano anaandika kwamba hawa hawashambulii. Anahamia chumba kingine. Hakuna sentensi hata moja ya kumwambia msimamizi afanye nini paladini akifika mlangoni na upanga bado unachuruzika.

Na paladini wa zama zile alitembea na kitanzi shingoni. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kilisema akitenda uovu kwa kujua, upaladini umekwenda na haurudi. Akivunja utaratibu tu, akaungame kwa kuhani na afanye toba. Sasa fikiria vijana watano kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mtu huko Wisconsin, saa sita usiku. Kuwaua ni uovu? Kuwaacha, wakakua wakashuka kijijini, je? Hapo ndipo vitabu vinapofunuliwa. “Kitabu cha mazimwi kinasema orki ni mwovu, soma hapa.” Tena kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja.

Mimi nina neno na huo uovu wa asili. Mchezo humwandikia kila kiumbe tabia kwa mistari miwili: wema au uovu, utaratibu au vurugu. Katika kitabu cha mazimwi cha 1977, orki ni mwovu anayefuata utaratibu, ana amri na nidhamu. Likaja toleo la tatu mwaka 2000, orki yuleyule akawa mwovu wa vurugu. Likaja la 2024, orki ni mhusika unayemchagua kama unavyomchagua binadamu, moyo wake ni shauri lako. Asili gani hii inayobadilishwa na wahariri?

Sasa naomba mnisikilize, hapa ndipo huwa nakatizwa. Gygax mwenyewe aliulizwa. Mwaka 2005, miaka mitatu kabla hajafa, akijibu maswali ya wapenzi wa mchezo wake, alisema hakuna kanuni ya wema inayomkataza paladini kuua maadui. Akaongeza msemo wa zamani wa kwao kwamba mayai ya chawa hutoa chawa. Kisha akaenda mbali zaidi: mateka mwovu akisalimu amri na kuukana uovu, paladini anaweza kumuua palepale, ili akapokee thawabu yake kabla hajarudi nyuma. Alipotajiwa kanali anayehusishwa na msemo ule, jibu lake lilikuwa kwamba kanali si wa kwanza kuusema.

Huyo kanali ni John Chivington, aliyewahi kuwa mhubiri wa Kimethodisti. Alfajiri ya tarehe 29 Novemba 1864, kwenye kijito cha Sand Creek huko Colorado, aliongoza askari kuvamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho, wenyeji asilia wa Marekani, waliokuwa wakiamini kwamba wamehakikishiwa usalama. Kiongozi wao, Black Kettle, alipandisha bendera ya Marekani juu ya hema lake, na nyeupe chini yake. Haikusaidia kitu. Waliuawa watu zaidi ya 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hayo ndiyo mayai ya chawa.

Subirini, sijamaliza. Palikuwa na kapteni pale, Silas Soule. Ana askari wake, amri imetoka, mkubwa wake yupo uwanjani. Akakataa kuwaamuru watu wake wafyatue risasi. Baadaye akaandika barua kueleza aliyoyaona, akatoa ushahidi mbele ya tume ya jeshi, na Aprili 1865 akauawa kwa risasi mtaani Denver. Chivington hakuwahi kufikishwa mahakamani.

Nawauliza wataalamu wa kurasa: Soule alitii utaratibu au aliuvunja? Kwa maneno ya 1978, huyu amekaidi amri halali ya mkubwa wake, akaungame kwa kuhani! Na yule mwenye cheo, amri na mahubiri, kwenye karatasi yake ya mhusika tungeandika nini? Miaka yote hii mnabishana kama utiifu na wema ni mistari miwili au mmoja, na mtu alishasimama kwenye makutano yake akiwa juu ya farasi.

Najua mnachotaka kusema. “Mzee, unaleta siasa kwenye mchezo.” Siileti, niliikuta. Mtunzi ndiye aliyemkaribisha kanali mezani.

Mwingine huniambia, mbona bibi zetu walituhadithia mazimwi yakauawa na hakuna aliyelia? Kweli kabisa. Paukwa, pakawa, zimwi likachomwa moto, tukalala usingizi. Lakini zimwi la bibi lina kazi moja tu ndani ya hadithi, kula watu. Bibi hakuwahi kukupeleka jikoni kwa zimwi ukakuta vitoto vitatu vimejibanza nyuma ya chungu, kila kimoja na pointi zake za uhai. Ukishamwandikia mtoto pointi za uhai umeshakubali kwamba yupo mtu atakayerusha dadu.

“Ni mchezo tu.” Huyu ndiye ananichosha. Kama ni mchezo tu, mbona ulilia mhusika wako alipokufa? Nilikuwepo. Ulitoka nje ukasema unakwenda kupokea simu.

Kwa hiyo nasema nini? Nasema kanuni hazikubebei dhambi. Kitabu kina haki ya kukuambia mshale unafika wapi na nani anaanza. Hakina haki ya kukuambia kwamba uliyemuua hakuwa mtu. Waprusia, wale Wajerumani wa zamani, waliliona hili mapema kwenye mchezo wao wa vita, tena wao walikuwa wanafundisha maafisa wa jeshi: mwaka 1876 Verdy du Vernois, afisa wao, alisema majedwali na dadu viwekwe kando, mwamuzi mwenye uzoefu aamue. Nami naongeza: na awajibike kwa uamuzi wake. Sikilizeni hapo kwenye kuwajibika. Msimamizi ukitaka vita visivyo na lawama, una mifupa inayotembea, una majabali yenye meno, majoka yapo. Ukiweka watoto ndani ya pango, umeweka watu, na uwe tayari kwa yatakayofuata.

Yanayofuata yenyewe ni mazuri kuliko unavyodhani. Kuna meza ninayoisimamia, mpiganaji wao ni jitu la kutisha, shoka mbili, hana simile. Walipomkuta mtoto wa orki peke yake, chumba kilinyamaza. Akachukua penseli. Kwenye orodha ya mizigo yake, kati ya kamba na mienge, akaandika: mtoto, 1. Na ubishi ukaanza palepale! Mtoto wa orki ana uzito gani? Akibebwa mgongoni, shoka la pili linatoka kwa mkono upi? Anakunywa maziwa ya mbuzi? Mbuzi ni bei gani? Jioni nzima ikaishia kwenye mbuzi. Kanuni zilitumika mpaka zikatoa jasho, na hakuna aliyezitumia kukwepa kitu.

Ndiyo, nimeona, dakika tano. Basi niende mbio.

Wasimamizi wa mitego. Unampa paladini milango miwili, wowote atakaopita unamwangusha, kisha unajisifu kwamba umeleta mtihani wa maadili. Mtihani gani usio na jibu hata moja la kupita? Umemvizia tu mwenzako. Acheni, nimesema mara nyingi.

Wachezaji wa “ndivyo mhusika wangu alivyo”. Anamwibia mwenzake mfukoni, anachoma kibanda cha wageni, anainua karatasi: nimeandikiwa vurugu. Nani aliyekuandikia? Kalamu si yako?

Malipo. Hili lilistahili saa nzima. Katika matoleo ya mwanzo, sehemu kubwa ya pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi, ilitoka kwenye mali, sarafu moja ya dhahabu kwa pointi moja, na kuua kulilipa kidogo. Kwa hiyo mtu mwenye akili aliliiba sanduku usiku akamwacha orki amelala. Baadaye dhahabu ikaacha kulipa, malipo yakahamia kwenye kushinda mapambano, na watu wakaanza kutafuta mapambano. Hawakuwa wabaya zaidi, walifuata mshahara. Kabla hujawahubiria wachezaji wako kuhusu huruma, angalia unawalipa kwa kazi gani.

Na ipo michezo mingine, jamani, dunia si Dungeons & Dragons peke yake. Pendragon ya Greg Stafford, 1985, huruma na ukatili viko kwenye mizani moja, jumla yake 20, huruma ikipanda ukatili unashuka, na matendo yako ndiyo yanayoisogeza. Dogs in the Vineyard ya 2004, ukishindwa kwa maneno unaruhusiwa kutoa ngumi, ukishindwa kwa ngumi unaruhusiwa kutoa bunduki, na kila ukipanda unapewa dadu zaidi, kwa hiyo unaulizwa waziwazi kama hoja hii inastahili kumuulia mtu. Tafuteni, chezeni.

Nilikuwa na ukurasa mzima juu ya uchawi wa kuteka akili, naukunja. Nitasema moja tu: uchawi wa kumpumbaza mtu, toleo la 2014, ukimwishia mtu anajua kwamba ni wewe uliyemfanyia. Mstari mmoja mfupi, na umewatuliza wachezaji wangu kuliko sura yote ya wema na uovu, kwa sababu kesho yake muuza duka anafungua mlango na anawakumbuka kwa sura.

Maswali. Dada mwenye daftari, anza wewe.