Mkaguzi Kalalia Kipimajoto

ZUBEDA: Haya jamani tumerudi, na kabla hamjauliza, ndio, huyo anayepiga miayo ni Musa.

MUSA: We acha tu. Usiku wa tatu huu nalala kwenye mkeka pembeni ya boksi la vifaranga.

ZUBEDA: Lile la friji?

MUSA: Lile lile. Nikazungushia kadibodi ndani liwe duara, manake kwenye kona ndo wanakorundikana, wanalaliana, wa chini anakufa. Maranda chini, taa ya kuwapa joto nimeifunga kwa mnyororo sio kamba, ikidondokea maranda nyumba imekwenda. Kila kitu poa kabisa, tatizo Mkaguzi.

ZUBEDA: Mkaguzi ndo nani?

MUSA: Kifaranga. Ana siku nne. Nikiweka maji yeye wa kwanza kufika, anayapigia maranda mpaka yanakuwa uji. Nikainua chombo juu ya tofali, kapanda. Nikaweka kokoto ndani wasizame, anazigonga moja moja kama anahesabu.

ZUBEDA: (anacheka) Ripoti itatoka lini?

MUSA: Sasa juzi usiku nachungulia kipimajoto, 38! Na wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35. Nikashtuka nikapandisha taa juu joto lipungue. Nusu saa nasikia kelele, zile kali, nakuta wote wamekuwa lundo moja wanatetemeka. Kumbe Mkaguzi alikuwa amelala juu ya kipimajoto.

ZUBEDA: Yaani ulisoma joto la tumbo lake?

MUSA: Usicheke.

ZUBEDA: Kakaguliwa mkaguzi! Ndo maana nakwambia kila siku tupa hicho kidude, vifaranga wenyewe ndo kipimajoto. Wakibanana chini ya taa ni baridi, wakikimbilia ukingoni wanahema midomo wazi ni joto, wakitawanyika wanalala ovyo ovyo kama walevi, basi, kalale.

MUSA: Kipimajoto kilisoma sawa! Kosa la Mkaguzi. Ningekining'iniza usawa wa mgongo wao asingekilalia.

ZUBEDA: Ungeangalia vifaranga kabla ya kugusa taa ungeona wako sawa. Na nani alikuamsha, namba?

MUSA: Waliniamsha wakiwa wameshapigwa na baridi, tayari nimechelewa. Halafu kila wiki unatakiwa kupunguza nyuzi kama 3, we unapunguzaje kwa macho?

ZUBEDA: Nainua taa kidogo, nakaa nawaangalia.

MUSA: Unakaa mpaka saa ngapi?

ZUBEDA: We mwenye kipimajoto umekaa usiku tatu!

MUSA: Nimekaa kwa ajili ya Mkaguzi!

ZUBEDA: Basi hapo ndo tutakesha. Mi sinunui.

MUSA: Mi sitoi.

ZUBEDA: Dakika mbili zimebaki na tuliahidi mambo sita ya kulea vifaranga, hata chakula hatujagusa.

MUSA: Na hewa, manake watu wanaziba boksi lote kisa baridi, harufu ya kinyesi inawachoma macho...

ZUBEDA: Wiki ijayo. Sema moja tu.

MUSA: Washa taa siku moja kabla hawajafika, maranda yapate joto, na wakifika umchovye kila mmoja mdomo kwenye ma...

ZUBEDA: Hiyo nini imeanguka?

MUSA: Chombo cha maji. Ngoja. Ngoja kwanza. We Mkaguzi!