Taimulapsi kwa droni: hesabu kwanza, kuruka baadaye

Habari za jioni, ndugu zangu, na karibuni sana. Droni iko hapa mezani, lakini naomba tuiache kwanza twende ubaoni. Taimulapsi, yaani video inayoundwa kwa picha zilizopigwa moja moja kwa muda mrefu kisha zikachezwa haraka, ikiwa ya angani huharibikia chini, mapangaboi yakiwa bado hayajazunguka.

Andikeni hesabu hii. Video yetu inacheza fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde. Ukitaka sekunde 10 za video, unahitaji picha 250. Ukipiga picha moja kila baada ya sekunde 2, kazi inakwisha kwa sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Ukipiga kila baada ya sekunde 5, unahitaji sekunde 1,250, sawa na dakika 20 na sekunde 50. Sasa chukueni betri iliyoandikwa dakika 30. Humo kuna kupaa, kufika mahali, kupanga fremu, kurudi na kutua, na mnatakiwa kutua ikiwa imebaki asilimia 25 hivi. Muda wa kupiga picha unaosalia ni kama dakika 18, na upepo ukivuma unapungua tena kwa sababu mota zinapigana nao muda wote. Kwa hiyo nafasi ya sekunde 5 kati ya picha haiingii kwenye betri moja. Sekunde 4 inaingia: dakika 16 na sekunde 40.

Magari na watu wanataka nafasi ya sekunde 2. Mawingu yanayokimbia, 2 au 3. Mawingu mazito, 4. Kivuli kinachotambaa ukutani au ua linalochanua vinahitaji saa nzima na zaidi, na hiyo ni kazi ya kamera iliyo juu ya stendi ya miguu mitatu. Msiilazimishe droni.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningependa tulikalie. Droni haisimami. Mnaiona imetulia angani, lakini inayumba. Kwa kutegemea GPS peke yake, droni nyingi ndogo zimeandikiwa mpaka wa mita 1.5 kwa upande na nusu mita kwenda juu au chini. Kwenye video ya kawaida mwendo huo ni wa polepole na jicho haliusumbukii. Kwenye taimulapsi umeubana, na kule kuyumba kunageuka kurukaruka.

Kurukaruka kwa kiasi gani? Chukueni picha yenye upana wa pikseli 5472, iliyopigwa kwa lenzi pana, yenye mtazamo wa milimita 24. Droni ikisogea mita 1 upande, mti ulio umbali wa mita 20 unahama karibu pikseli 180. Jengo lililo mita 500 linahama pikseli 7. Ona tofauti hiyo! Programu ya kutuliza picha inaweza kuirudisha fremu nzima mahali pake, lakini haiwezi kuurudisha mti pikseli 180 na jengo la nyuma yake pikseli 7 kwa wakati mmoja. Ikijaribu, inaikunja picha, na kuta zinaanza kucheza kama zimechorwa kwenye maji. Ndiyo maana nasisitiza: kitu cha karibu kabisa ndani ya fremu kiwe mita 100 au zaidi. Hapo kuyumba kwa mita 1 ni pikseli 36 tu, na video ya 4K ina upana wa pikseli 3840, kwa hiyo mna akiba ya pikseli 816 kila upande ya kukata. Kwenye programu za kuhariri video kama DaVinci Resolve au After Effects, chagueni utulizaji wa kusogeza na kuzungusha tu. Ule wa kukunja picha uacheni.

Mwangaza. Kila kitu kiwe kwa mkono: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata (muda ambao kamera hupokea mwanga), mizani ya weupe (marekebisho ya rangi), na fokasi pia. Ukiacha hata kimoja kijiamulie, wingu likipita kamera inabadilisha mawazo na video inapepesa.

Kuhusu shata, jua la mchana kwa ISO 100 na uwazi wa lenzi wa f/2.8 linataka kama 1/3200 ya sekunde. Kwa kasi hiyo kila gari linagandishwa, na mkizicheza picha magari yanaruka kama viroboto. Tunataka yaache mkia kidogo. Filta ya ND64, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, inapunguza stopu 6 (kila stopu hukata mwanga nusu), inatushusha hadi 1/50. ND1000 inapunguza stopu 10, tunafika kama 1/3. Wanaopiga kutoka ardhini hupenda shata iwe nusu ya nafasi kati ya picha, yaani sekunde 1 kwa kila 2. Angani, nusu sekunde ndiyo mwisho wa salama, tena hewa ikiwa imetulia. Pigeni picha 10 za majaribio, muikuze mojawapo, mtafute taa ya mbali au ncha ya mlingoti. Ikiwa nukta, endeleeni. Ikiwa imevutika kama koma, fupisheni shata.

Kuna kosa moja ambalo programu haitalifuta. Jua likiwa mbele na juu kidogo ya lenzi, mapangaboi hutupa vivuli juu yake, na picha inapata mistari inayobadilika kila fremu. Inamisheni kamera au geuzeni droni mpaka mistari iondoke, ndipo muanze.

Kadi ya kumbukumbu: picha ghafi (RAW, isiyosindikwa na kamera) ya megapikseli 20 ni kama megabaiti 40, hivyo picha 250 ni gigabaiti 10. Kadi ya polepole inajaza kumbukumbu ya muda ya kamera, baadhi ya picha zinachelewa, na mawingu yanakwenda kwa kushtukashtuka. Tumieni kadi yenye alama ya kasi ya V30 au zaidi. Kamera ikishindwa kuandika picha ghafi kila baada ya sekunde 2, ongezeni nafasi kati ya picha au pigeni JPEG, ambayo faili lake ni dogo.

Mkitaka droni isafiri wakati wa kupiga, gawanyeni umbali kwa muda. Mita 200 kwa sekunde 1,000 ni sentimita 20 kwa sekunde. Hakuna kidole kinachoweza kushika mwendo huo kwa dakika 16, kwa hiyo wekeni vituo vya njia na muiache rubani-otomatiki iendeshe, huku macho yenu yakiwa kwenye droni.

Machweo nimeyaweka mwisho kwa sababu ndiyo yanayotamaniwa na wengi. Mwanga unashuka stopu kadhaa ndani ya betri moja. Ongezeni mwangaza kwa thuluthi ya stopu kila mara, kwanza kwa shata mpaka ifike nusu sekunde, kisha kwa ISO, bila kurudi nyuma. Ngazi hizo programu ya LRTimelapse itazilainisha. Msitue kubadilisha betri mkitegemea kuendeleza mfuatano uleule: droni itarudi mahali pembeni kidogo na kiungo kitaonekana. Chagueni mapema dakika 16 mnazozitaka, kabla ya jua kuzama au baada. Na ikiwa upepo umekula betri hadi asilimia 30 mkiwa na picha 200, irudisheni. Picha 200 zilizo safi ni sekunde 8 za video.