Maili Kumi Zilizoishia Kipini

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na vijana mlioketi huko nyuma.

Kila tukikutana kuzungumzia ukoloni, msemaji wa kwanza huanza na manowari na mizinga. Mizinga ilikuwako. Oktoba 1890 Admirali Fremantle aliuchoma mji wa Witu, huko bara, na hilo si jambo dogo. Lakini linalotuuma leo sisi watu wa Amu, yaani Lamu, ni ardhi, na ardhi haikuamuliwa na mzinga. Iliamuliwa na hesabu ya maili. Mmeshanisikia nikiifanya hesabu hii, nami nitairudia, kwa sababu vijana bado wanasoma shuleni kwamba "Waingereza walikuja wakachukua", basi. Walichukuaje? Kwa hati gani? Hapo ndipo pa kushika.

Mwaka 1886 Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ziliunda tume ya kuangalia Sultani wa Zanzibar anatawala wapi. Upande wa Uingereza alikaa Kitchener, yule aliyekuja kuwa jenerali mkubwa. Sultani Barghash, mwenye nchi yenyewe, hakuwa na kiti katika tume hiyo. Mwisho wa mwaka Uingereza na Ujerumani zikaelewana wao kwa wao: milki ya Sultani bara ni ukanda wa maili kumi za baharini, yaani kama kilomita 18 na nusu, kuanzia pale maji yanapofika yakijaa. Ukanda unaanzia kusini huko mpakani na Wareno wa Msumbiji, unaishia Kipini. Visiwa vya Lamu, Manda na Pate vimo. Barghash aliletewa akakubali Desemba ile ile. Angefanya nini, na manowari za Wajerumani zilikwisha tia nanga mbele ya kasri yake mwaka mmoja kabla?

Sasa tazameni. Ukanda unaishia Kipini, mdomoni mwa Mto Tana. Na toka Kipini hadi mwisho wa kaskazini wa Ghuba ya Manda, karatasi ile ile ilisema pwani hiyo ni ya Sultani wa Witu, aliyekuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani tangu 1885. Kisiwa cha Amu kikawa cha Zanzibar, na Mokowe, iliyoko bara, mnayoiona kwa macho mkisimama gatini, ikawa ya mwingine. Mtama na ufuta wa mji huu ulikuwa ukilimwa bara, ng'ambo ya maji. Mwenye nyumba akalala katika nchi moja na konde lake likabaki katika nchi nyingine, na hakuna aliyemuuliza. Mtu akiniambia mpaka ule uliwekwa "ovyo", namkatalia. Waliouweka walijua walichotaka, na walichotaka mwanzoni hakikuwa shamba. Kilikuwa forodha.

Ndiyo, forodha. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, safari ya Ulaya ikafupika, pembe za ndovu zikazidi kuwa mali, na njia ya kwenda Uganda na chanzo cha Mto Naili ikawa inagombewa. Anayeshika bandari anamtoza ushuru kila anayepita. Kwa hiyo 1887 mfanyabiashara Mackinnon na wenzake wakakodi ukanda kwa Sultani kwa miaka 50, na mwaka uliofuata wakapewa hati ya kifalme na kuitwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Forodha ya Lamu peke yake ilizua ugomvi kati ya kampuni hiyo na Kampuni ya Wajerumani ya Witu, hata ukapelekwa kwa mwamuzi. Mwamuzi alikuwa nani? Baron Lambermont, Mbelgiji. Agosti 1889 alitoa hukumu kwamba Wajerumani hawakuthibitisha dai lao na Sultani yu huru kumkodisha Mwingereza. Mji huu ulihukumiwa Ulaya, kwa karatasi, na hakuna mzee wa Amu aliyeitwa kutoa ushahidi. Mwaka mmoja baadaye Ujerumani ikaiacha Witu yote katika mapatano yaliyoipa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini.

Nifike kwenye pesa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kampuni ilishindwa, ikawa inakula hasara. 1895 ikanunuliwa kwa pauni 250,000. Serikali ya Uingereza ilitoa 50,000 tu. Zile 200,000 zilitoka Zanzibar! Na Zanzibar ilizipata wapi? Ni zile marki milioni nne ambazo Ujerumani ilimlipa Sultani kwa kuichukua pwani ya kusini, Tanganyika ya baadaye. Yaani fedha ya kipande kimoja cha pwani ndiyo iliyotumika kumwondoa mpangaji kwenye kipande cha pili, kisha kipande hicho cha pili akakabidhiwa mpangaji mpya, Serikali ya Uingereza, Desemba 1895. Kodi ikawa pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na 6,000 ambazo ni riba ya asilimia tatu ya zile 200,000. Jumla 17,000. Mwenye nyumba alitoa fedha zake kumlipa mpangaji ahame, akaishia kulipwa riba ndogo juu ya fedha hizo hizo.

Najua kuna atakayesimama aseme: Sultani mwenyewe alikuwa mgeni, na makonde hayo yalilimwa na watumwa. Ni kweli, na asiyesema hivyo hasemi historia. Lakini tazama Mwingereza alivyoufuta utumwa hapa, 1907: aliyelipwa fidia ni bwana. Aliyelima hakupewa hata pishi ya mtama, wala kipande cha ardhi aliyokuwa akiilima. Alibaki shambani kama mtu wa kuazimwa pahali.

Na mwaka uliofuata, 1908, ikaja Sheria ya Hati za Ardhi. Kila mwenye dai alitakiwa alipeleke kwa msajili ndani ya muda uliowekwa, athibitishe, ardhi ipimwe na iwekewe bikoni, alama za mpaka, atoe ada. Ardhi isiyodaiwa na mtu ikawa ya Ufalme, yaani ya serikali ya kikoloni. Shida iko wapi? Konde hulimwa miaka michache likaachwa lipumzike, msitu ukarudi. Kwa mpimaji, hapo hapana mtu. Pia kwetu mtu huwa na minazi yake juu ya ardhi isiyo yake, nao wakaliweka hilo katika cheti cha namna nyingine, cheti cha haki ya juu ya ardhi, si cha umiliki. Wajukuu wameshika cheti cha minazi wakidhani ni cha shamba. Aliyeachwa huru mwaka jana, asiyejua kusoma, asiye na ada, angedai nini mbele ya msajili?

Ya Malindi nitayapitia upesi, muda umekwisha. Wagiriama, Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahamasisha, vita vya 1914: Wagiriama waliamriwa wahame ukingo wa kaskazini wa Mto Sabaki, mahali penye rutuba, wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mkasa huo peke yake unataka usiku mzima, nami sitaki kuupunja.

Lakini hili la 1963 siliachi. Tarehe 5 Oktoba, mawaziri wakuu wawili, Kenyatta wa Kenya na Shamte wa Zanzibar, waliandikiana barua kuhusu ukanda. Ahadi ni kadhaa, ya mahakama za makadhi mnaijua. Ya ardhi inasema hati za umiliki *zilizokwisha sajiliwa* zitatambuliwa daima. Zilizokwisha sajiliwa! Kwa hiyo kilicholindwa kwanza ni matokeo ya 1908. Barua zinasema pia utaratibu wa kusajili hati mpya utaendelea, lakini aliyekosa hati wakati ule hakuhakikishiwa ardhi yake, hata kama babu yake amezikwa humo kondeni.

Mwenye hati ya zamani nyumbani aitoe sandukuni kesho. Aangalie mwaka, aangalie nambari ya kiwanja na ramani, kisha asome neno moja tu: ni umiliki, au ni haki ya minazi na nyumba iliyo juu? Nakala ya barua za 1963 iko hapa mezani, na sentensi ile nimeipigia mstari. Maswali tuanze na mama aliyeinua mkono kule.