Seleni na Macho ya Mgonjwa wa Tezi ya Shingo

Mabibi na mabwana, wagonjwa na ninyi mnaowauguza,

Nimeombwa nieleze kama vidonge vya madini vinayatibu macho yaliyotokeza kwa sababu ya ugonjwa wa Graves. Jibu langu ni kwamba madini ya aina moja tu, yaani seleni, yana ushahidi wa kuaminika, nao unahusu wagonjwa wa aina moja tu.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo tayari inaichokoza tezi ya shingo hata ikazidisha homoni, huyageukia pia mafuta na misuli iliyo nyuma ya jicho, ikavimba na kulisukuma jicho mbele. Mwaka 2011 madaktari wa Ulaya walichapisha utafiti wa wagonjwa 159 wenye dalili nyepesi. Waliopewa seleni mikrogramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi 6 walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, na ugonjwa wao haukuzidi sana. Nafuu hiyo ilikuwa bado ipo mwezi wa 12. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya inairuhusu kwa ugonjwa mwepesi ulioanza karibuni, wala si kwa macho yaliyokwisha kuharibika miaka mingi.

Hata hivyo, wengi wa wagonjwa wale waliishi katika maeneo yenye upungufu kiasi wa seleni. Mkazi wa Dar es Salaam anayekula samaki wa Feri au dagaa mara kwa mara huenda tayari anaipata ya kutosha, na ikizidi mno hunyonyoa nywele, hukatisha kucha na kuifanya pumzi inuke kama kitunguu saumu. Kwa hiyo nawasihi msinunue vidonge hivi Kariakoo kwa ushauri wa jirani. Vyenye iodini nyingi ni hatari zaidi, kwa kuwa vinaweza kuichochea tezi yenyewe.

Seleni haichukui nafasi ya dawa za tezi, wala nafasi ya kuacha kuvuta sigara, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kidonge chochote nilichokitaja. Na anayeanza kuona vitu viwili viwili, au kuona rangi zikififia, asisubiri miezi 6: aende hospitali siku hiyo hiyo.