Pointi Moja ni Senti Ngapi?

(Mhadhara uliotolewa kwa Watanzania na Wakenya waishio Maryland, Marekani)

Wakubwa shikamooni, na vijana hamjambo. Nimeombwa niseme ni kadi ipi ya benki inayomfaa mtu anayetaka kwenda nyumbani kwa pointi. Nitaitaja. Ila kabla ya hapo tupige hesabu, maana benki zinajua kututia kiwewe kwa masifuri. Unaona tangazo la bonasi ya kujiunga ya pointi 75,000 na tayari umeshafika uwanja wa Julius Nyerere! Sabini na tano elfu za nini, lakini?

Pointi haina bei hadi uitumie. Mwenye pointi 10,000 za American Express akizitumia kupunguza deni la kadi yake, anahesabiwa senti 0.6 kwa kila pointi: dola 60. Mwenye maili 10,000 za benki ya Capital One (pointi zake wao huziita maili) akitaka pesa mkononi, anapewa dola 50. Wa benki ya Chase anapata dola 100. Idadi ni ileile, na mmoja ameondoka na mara mbili ya mwenzake. Kumbe zote tatu unaweza kuzihamishia Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, pointi moja kwa maili moja, na hapo ndipo thamani inapobadilika kabisa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua bei ya tiketi kwa pesa taslimu, toa kodi na ada ambazo utazilipa hata ukitumia pointi, kinachobaki ugawe kwa idadi ya pointi. Tuseme Washington hadi Dar, kwenda na kurudi, ni dola 1,500. Kwa pointi wanataka 75,000 na kodi ya dola 200. Dola 1,300 kwa pointi 75,000 ni senti 1.7 na ushee. Si haba.

Sasa subirini, msikimbilie kujaza fomu. Zipo kadi zisizo na ada ya mwaka zinazorudisha asilimia 2 ya kila unachotumia, kwa pesa. Citi Double Cash ni mojawapo, Wells Fargo Active Cash ni nyingine. Familia inayopitisha dola 2,000 kwa mwezi kwenye kadi inatumia dola 24,000 kwa mwaka, kwa hiyo inarudishiwa dola 480. Familia hiyohiyo ikichukua Capital One Venture, inayotoa maili 2 kwa kila dola, itapata maili 48,000 na italipa ada ya dola 95. Ili ifikie zile 480, kila maili lazima izae karibu senti 1.2. Chini ya hapo umelipa ada ili upate hasara. Kwangu mimi huo ndio mstari: kabla ya kuulizana kadi ipi, jiulize kama kweli utaweza kuvuka senti 1.2.

Anayekwenda nyumbani Desemba, shule zimefungwa, na watoto watatu, kuvuka ni kazi. Viti vya pointi ndiyo msimu vinapoadimika, na mashirika mengi ya ndege siku hizi hayana tena jedwali la bei za maili. Delta iliondoa lake mwaka 2015, United ikafuata 2019. Bei inapanda na kushuka kama ya nyanya sokoni. Ukiweza kusafiri Februari au Mei, mambo ni tofauti. Na wenye watoto sikilizeni hili: Flying Blue humpunguzia mtoto wa miaka 2 hadi 11 robo ya maili za tiketi. Wanaolijua ni wachache.

Mzee mmoja aliniuliza pale mlangoni, hizi pointi nani anazilipia? Swali zuri. Kila ukipitisha kadi, mwenye duka anakatwa, na sehemu kubwa ya makato hayo inakwenda kwa benki iliyotoa kadi yako. Hapa Marekani ni karibu asilimia 2 ya ulichonunua, wakati mwingine zaidi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo mwaka 2015, ndiyo maana shemeji yako aliyeko Ujerumani hapati bonasi kama zako. Mlipaji mwingine ni mwenzetu anayebeba deni mwezi hadi mwezi. Riba za kadi zimepita asilimia 20. Ukibaki na deni la dola 3,000 mwaka mzima kwa asilimia 22, umelipa dola 660, na pointi zako zote zilikuwa za dola 480. Kwa Waislamu wenzangu sina haja ya kuendelea. Kama huwezi kulipa deni lote kila mwezi, achana na pointi.

Jingine linalotuhusu sisi hasa: kutuma pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo ili upate pointi. Benki nyingi huhesabu huko kuwa ni kutoa pesa taslimu. Pointi hupati, ada unakatwa, na riba inaanza siku hiyohiyo. Tumeni kutoka akaunti ya benki.

Zile kadi za wakubwa, zenye launji (vyumba vya kupumzikia uwanja wa ndege) na mbwembwe, nazipita haraka. Chase Sapphire Reserve ilianza 2016 kwa ada ya dola 450. Mwaka 2025 imefika 795. Kwa mtu anayepanda ndege mara moja kwa mwaka, hizo ni chai za bei mbaya.

Haya, nitaje. Anayelipa deni lote, anayekwenda nyumbani walau kila baada ya miaka miwili na anayeweza kukwepa Desemba: Chase Sapphire Preferred au Venture, zote ada dola 95, na bonasi ya kujiunga itamlipia tiketi ya kwanza au sehemu yake kubwa. Wengine wote, ile ya asilimia 2.

Dada pale nyuma anauliza kama ahamishie pointi zake Flying Blue leo, zikae tayari. Hapana, dada yangu. Zikishatoka benki hazirudi. Tafuta kiti kwanza, kione kwa macho yako, ndipo uhamishe.